Nguzo Iliyosubiri Upepo

Gerezani, 12 Desemba 2023

Janine mwanangu,

Zipokee salamu zangu ukiwa umekaa, maana najua ukisimama dukani kutwa miguu huvimba kama ya marehemu mama yako. Mimi mzima. Nalala kuliko askari wa zamu, na nakula kuliko wanavyopenda. Kifua cha mjukuu wangu Robyn kinasemaje na baridi hii? Mwambie Babu Clive yuko safarini, atarudi na hadithi. Na mumeo Craig, msalimu.

Sasa ya kwangu. Najua Doreen ameshakueleza, ila Doreen hueleza mambo kama anavyokaanga mayai: lazima kiini kipasuke. Nisikilize mimi.

Jumatatu ile asubuhi nilikuwa mgahawani kwake, sahani yangu ya soseji na maharage mbele yangu. Wakaingia rafiki zangu akina Norman wakicheka, wamepita Corbin Lane na kuikuta kamera ya ushuru wa moshi wa magari imekatwa nguzo nusu, bado imesimama, inatazama magari kama mlevi aliyeegemea ukuta. Unajua kilio chetu. Ushuru huu ulikuwa wa katikati ya mji, wa watu wa maofisi. Wakausogeza, wakausogeza, hadi ukafika kwenye maharage yetu. Leo mtu akiwasha gari lake kuukuu la dizeli mlangoni kwake anapigwa picha, jioni anadaiwa pauni kumi na mbili na nusu kwa kosa la kwenda kazini. Kwa hiyo ikikatwa kamera, watu wanafurahi. Norman akauliza, "Mwanamume gani huyo?"

Nikaweka kikombe mezani polepole. Nikasema, "Kuna mwingine?"

Mgahawa mzima ukapiga meza. Norman akasema, "Mbona hukumalizia, Clive? Ulichoka, mzee?" Nikamjibu, "Nimeuachia upepo. Na wenyewe ufanye kazi kidogo." Walicheka hadi Doreen akazima redio. Kijana mmoja fundi bomba alikuwa anachukua video kwenye simu. Nikamwambia anichukue upande wa kushoto, ndio mzuri.

Sahani hazijaondolewa tukasikia ving'ora. Upepo ulikuwa umemaliza kazi yake. Nguzo ilimwangukia Bi Scutt, yule mama wa kuvusha watoto wa shule barabara, mwenye koti la njano na kibao cha mviringo. Amelazwa. Watoto hawakuguswa, namshukuru Mungu.

Video ikafika polisi kabla yangu. Walipopekua gari langu wakakuta grainda, ile mashine ya kukatia. Fundi wa paa asiye na grainda wamemwona wapi? Hakimu alikuwa tayari kunipa dhamana, akauliza kama nina neno. Nikamwambia, "Mheshimiwa, ukinitoa leo, kesho zilizobaki zitakuwa chini zote." Basi nipo huku.

Usihangaike kuhusu mimi. Nitumie soksi nzito.

Mjomba wako,
Clive


Welling, 19 Desemba 2023

Mjomba Clive,

Barua yako imefika na tumeisoma jikoni. Soksi nimezituma, za sufu, usizigawe kwa kujionyesha. Robyn alikuwa na wiki mbaya. Daktari ameongeza dawa ya pumu ya kuvuta kwa pampu na ameuliza tena kama tunakaa karibu na barabara kubwa. Nimemwambia barabara inakaa sebuleni kwetu. Craig hana kazi. Ile ya vigae kule Camberwell imekwenda kwa mwingine, mwenye nyumba hataki kulipia ushuru wa gari juu ya bei ya fundi. Gari liko mlangoni, anashinda analitazama dirishani kama mtu aliyekaa na mgonjwa.

Sasa nikuulize, Mjomba: una akili timamu?

Jumapili iliyotangulia nguzo kuanguka ulikuwa kwangu. Ulikuja mchana, ukala nyama na viazi, ukaongeza, ukaongeza tena. Robyn alipobanwa kifua tukawasha ile mashine ya mvuke, na wewe ndiye uliyemshikia barakoa usoni, kwa sababu kwako hatapatapi. Ukamhadithia ulivyompiga papa ngumi ufukweni Margate. Wakili wako amemwambia Doreen kuna mama alisikia grainda ikilia Corbin Lane kwenye saa kumi na mbili jioni. Saa kumi na mbili jioni ulikuwa kwenye kochi langu umevua viatu. Ulikata nguzo saa ngapi, ulipokwenda chooni?

Najua wewe na mdomo wako. Mama alikuwa anasema ulizaliwa unaongea na mkunga. Lakini hili si la papa. Mwambie wakili ulikuwa kwangu. Nitaandika maelezo, nitakula kiapo, nitasimama popote watakaponisimamisha. Niambie tu siku.

Krismasi itatupita bila wewe mezani kwa mara ya kwanza tangu Mama afariki. Robyn ameweka kiti chako.

Janine


Gerezani, 2 Januari 2024

Mpwa wangu mpenzi,

Heri ya mwaka mpya kwako, kwa Craig na kwa yule binti wa babu. Soksi zimefika, nimezivaa. Jozi moja nimempa Desmond, ninayelala naye chumba kimoja, ila si kwa kujionyesha, miguu yake ni ya barafu na alikuwa ananinyima usingizi kwa kutetemeka. Ni mtu wa kazi za bustani, mpole, amefungwa kwa ngumi moja tu.

Krismasi tulikula bata mzinga mwembamba hata ungeweza kusomea gazeti kupitia kwake. Lakini heshima niliyopata, mwanangu, hata mfalme angeona wivu. Huku wananiita Msumeno. Nikipita ukumbini wanapiga milango: "Msumeno! Msumeno!" Kuna askari mmoja mwenyewe ana dizeli ya mwaka elfu mbili na tisa, ameninong'oneza, "Mzee, ungefika na kwetu Erith." Nimewahadithia nilivyokata arobaini. Moja ilidondoka nikaidaka kwa mikono mitupu isiamshe watoto. Wanaandika barua kwao kuhusu mimi.

Na Norman ameniletea picha. Wametundika shuka juu ya daraja la barabara kuu, maandishi makubwa mekundu: MWACHIENI CLIVE. Jina langu, Janine. Miaka hamsini na sita nimepanda juu ya paa za watu na hakuna aliyewahi kuinua macho kutazama nani yuko juu.

Ndiyo maana nakwambia: hayo ya kochi na barakoa yaache. Unataka nisimame mahakamani niseme Msumeno alikuwa amevua viatu anamshikia mtoto mvuke? Nitatembeaje tena kwa Doreen? Wakili anasema ni uharibifu wa mali na kujeruhi, na kwa umri wangu na mgongo wangu nitatoka kabla ya kiangazi. Bi Scutt nasikia ni mguu na mbavu. Mifupa inaunga. Nikitoka nitampelekea maua mwenyewe.

Nakukataza kwenda popote kusema lolote. Ni mimi mjomba wako niliyekushika mkono kukupeleka kwa mumeo kanisani, na sijawahi kukuomba kitu.

Clive (Msumeno)


Welling, 15 Januari 2024

Mjomba,

Hujambo. Robyn ni mzima wiki hii, amerudi shule, barafu imeyeyuka. Craig amepata vibarua viwili vya karibu, vya kwenda kwa miguu, jiko la jirani na bafu la mama yake. Anakula kidogo. Nikimuuliza anasema ni wasiwasi wa gari.

Sina raha na barua yako na sitakuficha.

Nani amekwambia ni mguu na mbavu? Ni kichwa. Hajafungua macho tangu siku ile. Nimekwenda kumtazama, na darasa zima la Robyn limemchorea kadi, zimebandikwa ukutani naye hazioni. Dada yake alikuwa amekaa pale. Akaniuliza, "Wewe ndiye mpwa wa yule mtu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mwambie kila asubuhi alikuwa anafika kabla ya mwalimu." Nilishuka ngazi sijui nimeshika wapi.

Wewe unapigiwa milango huko kwa jambo hili. Hujafanya, lakini unalila kama keki.

Na nikwambie jingine ambalo hukupenda kulisikia hata tukiwa mezani. Mimi ushuru huu siuchukii kama nyinyi. Unatuumiza, unatutoa jasho, na waliouweka hawajui vigae vinabebwaje. Lakini nikiwa nimekaa na Robyn anavuta pumzi kama anaivuta kupitia mrija, na chini ya dirisha magari yananguruma yanangojea taa, siwezi kuimba nyimbo zenu. Nimechoka kuwa katikati.

Jumamosi nakwenda polisi mwenyewe, utake usitake. Jana nilimwambia Craig wakati wa chai. Akaosha kikombe chake, halafu akakiosha tena. Baadaye akasema nisubiri kidogo, mambo ya polisi yana mitego. Mimi sioni mtego kwenye kusema ukweli. Nakwenda.

Nilikuwa nakupenda hata kabla hujawa Msumeno.

Janine


Gerezani, 29 Januari 2024

Janine,

Salamu. Mzima, isipokuwa mgongo. Desmond anakusalimu, anasema soksi zako zimemwokoa.

Nilikasirika na barua yako, nikakaa siku kadhaa sijaijibu. Halafu nikaona ni haki yako, una ulimi wa mama yako. Sikujua ni kichwa. Norman aliniambia mguu. Huenda Norman alisema mguu kwa sababu ndicho alichoona ninataka kusikia.

Ulikwenda? Jumamosi yako imepita. Nimemuuliza wakili, anasema hajaona karatasi yoyote yenye jina lako. Nilikukataza, najua. Sasa nimeacha kukukataza. Kama ulikwenda na wameiweka mahali, niambie uliongea na nani.

Simu za huku foleni yake ni ndefu na kila mtu anakusikiliza, lakini nimejaribu mara tatu. Alipokea Craig, akasema umelala. Mara ya tatu haikupokelewa.

Niandikie.

Clive


Welling, 9 Februari 2024

Mjomba Clive,

Natumai afya yako ni nzuri. Sisi wazima.

Bi Scutt amefariki juzi asubuhi. Nimeona ni bora ulipate kwangu kabla ya kulisikia kwa wengine. Shule imefungwa leo. Pale Corbin Lane wameweka maua na koti lake la njano limefungwa kwenye uzio, na kamera nyingine tayari imesimamishwa, nguzo nene zaidi.

Kuhusu lile la polisi, Robyn aliugua tena na sikupata nafasi.

Craig anakusalimu.

Janine


Gerezani, 13 Februari 2024

Mwanangu Janine,

Sina salamu nyingi. Ile habari yako ilifika siku moja na wakili. Kesi imebadilika. Sasa ni kuua bila kukusudia, na ile video itaonyeshwa mahakamani, mimi nikicheka, nikisema nimeuachia upepo. Wakili ameniambia, "Bwana Pettifer, baraza la wazee wa mahakama likiona hii, hawatahitaji kitu kingine." Akasema ni miaka. Nikamuuliza mingapi, akafunga mkoba.

Hakuna anayepiga milango tena. Wengi huku wana mama zao. Juzi mtu alitema mate kwenye sahani yangu, na yule askari wa Erith alitazama pembeni.

Basi nimemwambia wakili ukweli, kwamba sijakata hata moja maishani mwangu, na kwamba nilikuwa kwako. Aliniangalia kama ninavyowaangalia wateja wanaosema paa lilianza kuvuja jana. Akasema, "Nani atathibitisha?" Nikasema, "Mpwa wangu, na mumewe."

Kwa hiyo nakukumbusha Jumapili ile kidogo kidogo, ili tukisimama tuseme kitu kimoja.

Nilifika mchana, mvua ya manyunyu. Craig alitoka kunipokea, akaniomba nimwazime grainda, ya kwake imeungua, ana kigae cha kukata kwa mama yake. Nikamrushia funguo za gari nikamwambia achukue mwenyewe. Tukala bila yeye. Ulimwekea sahani yake ndani ya oveni na ukalalamika viazi vitakauka. Kwenye saa kumi na mbili jioni Robyn akabanwa, tukawasha mashine ya mvuke. Nilikuwa bado nimeshika barakoa Craig aliporudi. Hakuja sebuleni. Alipita moja kwa moja jikoni, akanawa mikono kwa sabuni ya vyombo, nikasikia anawasha mashine ya kufulia. Nikakutania, nikasema, "Janine, mumeo anajifulia shati Jumapili, mpige picha!" Ulicheka. Kulikuwa na harufu ya chuma kilichoungua, mimi nikasema ni viazi vyako. Akarudisha funguo zangu mezani, akasema, "Asante Mjomba, nimeirudisha mahali pake."

Vigae havinuki hivyo, Janine. Vigae vinanuka vumbi.

Hapa nimeiweka kalamu chini. Desmond ameniuliza kama naumwa.

Nilikuwa nimeandika mistari mingine mitatu, nimeifuta, usijaribu kuisoma. Huku barua hufunguliwa wakitaka.

Mimi naomba useme tu nilikuwa kwenye kochi. Mengine sijayaona na sijayanusa. Sema kochi tu.

Clive


Gerezani, 4 Machi 2024

Janine,

Huenda barua yangu imepotea njiani. Hutokea. Hujambo, Robyn hajambo?

Wakili amekwenda kwako mara mbili. Mara ya kwanza hapakuwa na mtu na taa ilikuwa inawaka. Mara ya pili Craig alifungua mlango, akasema hutaki kusumbuliwa, una mgonjwa.

Sikuombi mengine. Mstari mmoja unatosha. Ulinisimamia kabla sijakuomba, nikakukatalia kwa upumbavu wangu. Sasa nakuomba.

Mjomba wako


Welling, 26 Machi 2024

Mjomba Clive,

Samahani kwa kuchelewa. Robyn alilazwa siku kadhaa, sasa yuko nyumbani. Usiku akibanwa humwita baba yake, mimi haniiti, na Craig humbeba akitembea naye ukumbini mpaka kunapokucha. Hajui kulala tena, hata mtoto akiwa mzima anatembea tu. Gari tumeliuza kama chuma chakavu. Ameajiriwa kwenye ghala, anakwenda kwa basi.

Umetaka niandike kuhusu ile Jumapili. Nimefikiri sana. Nimekaa jikoni nimefikiri. Mjomba, nadhani ulikuja Jumamosi.

Wikiendi zetu zinafanana. Nyama tulipika Jumamosi wiki ile, nakumbuka hivyo sasa. Nilipokuandikia Desemba nilikuwa nimechoka na nikachanganya siku. Wakili wako akija tena hilo ndilo nitakalomwambia, na nisingependa aje.

Nakuombea kila siku. Kiti chako bado kipo mezani, Robyn hataki kiondolewe. Tafadhali usinichukie.

Janine


3 Aprili 2024

Janine,

Barua hii haikupitia kwa askari. Anakuletea Desmond, ameachiwa leo asubuhi, ndiye huyo mwenye miguu ya barafu. Mpe chai na kitu cha kula, ametoka na shati moja. Asikae sana, Craig asije akamkuta. Majibu mpe yeye, kaka yake ataniletea akija kunitembelea.

Sikuchukii. Niliisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikageukia ukutani. Nilikutukana, sitakudanganya, na nilimtukana mama yako ndani ya kaburi lake kwa kukuzaa. Nikamtukana mumeo kwa maneno ambayo hata huku yalimfanya mtu agonge ukuta niache. Kwenye barua yangu ya Februari nilifuta mistari mitatu. Ilisema: nenda kwa polisi, sema ni Craig, usiponiokoa wewe hakuna mwingine. Nilikuwa namaanisha. Bado kuna asubuhi naamka namaanisha.

Halafu namwona Robyn ameshika shingo ya baba yake.

Basi ilikuwa Jumamosi. Umesema wewe.

Wakili anasema nikikiri kabla ya kesi kuanza, miaka inapungua, na hakutakuwa na mashahidi. Hutaitwa. Hakuna atakayekutazama machoni kukuuliza siku. Craig hataitwa. Dada yake Bi Scutt hatalazimika kukaa wiki nzima akiitazama ile video. Nimemwambia wakili aandike kwamba ninakiri. Hakushangaa. Alionekana kama mtu aliyemaliza kazi.

Lakini wanataka nieleze. Nitakaa mezani na polisi wawili na mashine ya kurekodi, na nilivyo, unajua, nitaanza kusema. Nimejaribu usiku nikiwa nimelala chali. Nimeitunga mara nyingi. Mara napiga magoti, mara nimesimama juu ya ndoo. Mara kuna mbwa. Zote zinapendeza na zote ni za uongo mtupu, na hawa si akina Norman. Wana picha za ule mkato. Nikikosea upande tu watajua, watarudi kuuliza grainda ilikuwa kwa nani jioni ile, na watakuja mlangoni kwenu.

Kwa hiyo muulize. Mwambie najua au usimwambie, utaona mwenyewe. Niulizie haya na uyaandike sawasawa, usipambe. Aliegesha wapi, au alikwenda kwa miguu? Alianza kukata upande wa barabara au wa uzio wa shule? Alivaa glavu? Alikuwa amesimama au amechuchumaa? Cheche zilikuwa zinaruka upande gani?

Na la mwisho, hili ndilo kubwa, mbane mpaka akujibu. Kwa nini aliacha katikati. Kama lilipita gari akaogopa, lilikuwa gari gani. Kama diski ilikwisha, aseme. Kama alijua itaanguka. Kama alirudi nyumbani, akala viazi vyake, akalala, akijua imesimama vile mahali watoto wanapovukia, na asubuhi hakumwambia mtu.

Mengine ningeweza kuyababaisha. Hilo hakimu lazima aniulize, na dada yake Bi Scutt atakuwa amekaa pale anangoja jibu, na mimi, Janine, nimejaribu kila namna, siwezi kulitunga.

Mjomba wako,
Clive